Sanamu Hii, Sanamu Huyu: Kiswahili Mbele ya Uchongaji na Sanaa ya Mpangilio ya Siku Hizi



Awali ya yote natoa shukrani zangu za dhati kwa Kamati ya Mihadhara kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu jioni hii. Nadhani walioniandikia barua ya mwaliko walitarajia niseme juu ya mofolojia, maana huko ndiko nilikoshinda kwa zaidi ya miaka thelathini. Mofolojia wataipata. Ila nawaomba radhi kwamba itawafikia kwa njia ya mzunguko, kupitia kwa watu wanaochonga magogo, wanaochoma madumu ya plastiki na wanaotunga vifuniko vya chupa kwa waya.

Nina deni la kulipa. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, mwanafunzi wa uzamili alileta pendekezo la utafiti. Alitaka kuandika, kwa Kiswahili, juu ya uchongaji wa leo pamoja na ile sanaa ambayo msanii hatoi kitu kimoja cha kuwekwa juu ya kiweko, bali hupanga vitu vingi mahali fulani ili mtazamaji avizunguke, apite katikati yake, hata avinuse. Jopo lilimkatalia. Sababu iliyoandikwa ilikuwa sentensi moja: kwamba Kiswahili hakijawa na istilahi za kutosha katika uwanja huo. Tulimshauri aandike kwa Kiingereza au abadili mada. Alibadili mada, akaandika juu ya majina ya mitaa, akafaulu vizuri, akaenda zake. Nilikuwa mmoja wa waliotia saini.

Leo nasema kwamba sababu ile haikuwa ya kweli. Sisemi hivyo kwa kuwa tumekwisha kuunda istilahi tangu wakati huo. Hatujaunda za maana. Nasema hivyo kwa kuwa tulitafuta mahali pasipo. Tulipekua orodha za nomino, hatukuona neno, tukafunga kitabu. Hatukuangalia upatanisho wa kisarufi wala mnyambuliko wa vitenzi, na humo ndimo lugha yetu imeweka mali yake. Yafuatayo ni jaribio la kuonyesha hivyo kwa kazi za wasanii wanaojulikana.

Kinyago na sanamu

Tunayo maneno mawili makuu, na kila moja lina historia yake. Neno sanamu tumelipata kutoka Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya mungu wa kuchongwa, yule anayekatazwa. Katika Kiswahili cha zamani lilitanuka likabeba kila aina ya mfano wa umbo, hata picha. Hata hivyo lilibaki na ubaridi wake. Tukimwambia mtoto amesimama kama sanamu, hatumsifu. Neno kinyago, kwa upande wake, ni ndugu wa unyago. Lilitoka katika mafunzo ya wari, mahali ambapo umbo la mti au la udongo lilikuwa mwalimu, na lilikusudiwa kutisha kidogo. Methali yetu inauliza, kinyago ukichonge mwenyewe kisha kikutishe? Methali hiyo huchukuliwa kuwa dhihaka. Mimi naiona kuwa swali zito kuhusu sanaa, na jibu la wachongaji wengi wa siku hizi ni kwamba ndiyo, kinatisha, na kisipomtisha aliyekichonga huenda hakifai kuuzwa.

Maneno haya mawili yana jambo moja ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipita bila kuliona. Sanamu iko katika ngeli ya I-ZI, kinyago katika ngeli ya KI-VI. Vyote viwili ni mifano ya watu au ya viumbe, lakini sarufi imevipeleka upande wa vitu. Kwa nini lisiwe jambo la kushangaza? Kiswahili ni lugha yenye wivu mkubwa juu ya uhai. Kipofu, kiongozi na kijana wana kiambishi cha KI-, na bado tunasema kipofu huyu, kiongozi huyu, kijana huyu. Simba hana kiambishi cha mtu, na bado tunasema simba huyu anakuja. Uhai ukiwapo, umbo la neno husalimu amri. Uhai unapotiliwa shaka, ndipo wasemaji wanapogawanyika: wako wanaosema maiti huyu, wako wanaosema maiti hii, na nyumba moja yenye msiba inaweza kusikika zote mbili. Mzimu umewekwa pamoja na mti na mto, ilhali hakuna anayedhani kwamba mzimu hauna nia.

Kwa hiyo tunapokabiliwa na kazi ya sanaa yenye umbo la kiumbe, kila Mswahili analazimika kuamua jambo ambalo Mwingereza anaweza kuliacha wazi. Hawezi kusema hata sentensi moja kamili bila kuchagua.

Shetani wa Mwenge

Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji walijulikana zamani kwa vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa kichwani wakati wa ngoma. Kazi za mpingo tunazoziona leo madukani ni changa kuliko watu wanavyodhani. Zilikua katikati ya karne ya 20, wachongaji walipovuka Ruvuma na kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na kisha mijini. Mtindo wa watu wengi waliopandana kwenye gogo moja, ambao baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ulienea kwa jina la Ujamaa, na mtindo wa shetani, ambao wanahistoria wa sanaa wanauhusisha na Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950, yote miwili ilizaliwa na watu waliokuwa wamehama. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mtalii huuziwa shetani kama kitu cha kale. Shetani wa mpingo ni sanaa ya kisasa kwa maana halisi ya neno. Ni mtoto wa mshahara, wa soko na wa jiji.

Kwa muda mrefu nilikuwa na tabia ya kupita Mwenge, jijini Dar es Salaam, pale penye vibanda vya wachongaji, nikiwa na daftari dogo. Sikuwa nikifanya utafiti rasmi, na sitawapa asilimia zozote. Niliandika tu viambishi. Mchongaji anapotaja bei husema shetani hii, au mashetani haya, ni bei fulani. Mtu yule yule, akiulizwa kilichochongwa ni nini, hubadilika papo hapo: shetani huyu ananyonya sikio la mwenzake, huyu mwingine amejificha, anakaa kwenye mbuyu. Nilidhani mwanzoni kwamba huo ni ulegevu wa upatanisho unaosikika katika Kiswahili cha mijini siku hizi, ambapo hata ng'ombe huwekwa katika I-ZI. Lakini ulegevu haufuati mpaka. Hapa mpaka ulikuwepo, nao ulipita kati ya kuuza na kusimulia. Akiuza, ni kitu. Akisimulia, ni kiumbe. Mnunuzi wa kigeni husikia bei tu, na kwa kweli bei ndiyo sehemu iliyo maskini zaidi ya mazungumzo yale.

Marehemu George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliipeleka hali hii mbali zaidi. Alikuwa mmoja wa wasanii wa Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, na kazi zake zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Alichonga mbao na kuzipaka rangi za kung'aa, tofauti na weusi wa mpingo. Mashetani wake wana masikio makubwa, matumbo yaliyojaa na miguu yenye vidole viwili. Lakini tazama wanachofanya. Wanakwenda hospitali, wanakunywa, wanagombana, wanacheza ngoma, wanabebana, wanaishi uswahilini. Anayesimama mbele yao kwa dakika tano huanza kusema huyu na yule bila kujua, na akiendelea kidogo huanza kusema huyu namfahamu.

Dumu lenye mdomo, bunduki yenye kitako

Hadi hapa nimezungumzia maumbo yaliyochongwa ili yawe viumbe. Sehemu kubwa ya sanaa ya leo haichongi. Huokota. Huchukua kitu kilichotumika, kilichotupwa, kilichochoka, na kukiweka mbele yetu kikiwa bado kile kile na wakati huo huo kimekuwa kingine. Wengi wetu huishia kusema hizi ni takataka, na ningependa kuwa na subira hapa kwa sababu ndipo Kiswahili kinapotusaidia sana.

Romuald Hazoumè, msanii wa Benin aliyezaliwa mwaka 1962, alitumia madumu ya plastiki ya kubebea petroli. Kati ya Nigeria na Benin kuna biashara ya magendo ya mafuta. Vijana huyabeba madumu kwa pikipiki, na ili dumu lichukue mafuta mengi kuliko kipimo chake hulipasha moto mpaka litanuke, plastiki ikawa nyembamba na hatari. Hazoumè alilikata dumu la namna hiyo, akaligeuza, na mbele yake ukaonekana uso: tundu la kumiminia likawa mdomo, mkono wa kushikia ukawa pua. Katika kazi yake La Bouche du Roi, aliyoifanya kati ya mwaka 1997 na 2005, alipanga nyuso 304 za madumu juu ya sakafu kwa kufuata ule mchoro maarufu wa meli ya watumwa iitwayo Brookes, mchoro wa mwishoni mwa karne ya 18 unaoonyesha watu walivyolazwa bega kwa bega ndani ya meli. Jina la kazi ni jina la mahali pwani ya Benin ambapo watumwa walipakiwa. Kuna sauti, na kuna harufu. British Museum iliinunua na kuionyesha mwaka 2007, miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara ya watumwa.

Sasa niwaulize, mabibi na mabwana: mtu anayesema Kiswahili anahitaji kufundishwa kuona uso katika dumu? Lugha yake imemfundisha tangu utotoni. Dumu lina mdomo. Lina shingo. Lina mkono. Lina tumbo, na lina kitako cha kukalia. Dumu la njano la lita 20, lililokuja na mafuta ya kula na kuishia kwenye mkokoteni wa muuza maji, tumekwisha kulipa viungo vyote vya mwili isipokuwa macho, na pengine ni vizuri kwamba halioni. Hazoumè alichotenda ni kuchukua stiari iliyolala katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo, na kuiamsha. Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili angeweza kuanza moja kwa moja hapo, bila kukopa neno hata moja. Akiandika madumu haya yamelazwa, amesema jambo moja. Akiandika madumu hawa wamelazwa, amevunja sarufi, na uvunjaji huo ndio uhakiki wenyewe.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, ng'ambo ya Ruvuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji viliisha mwaka 1992 na kuacha silaha nyingi mno mikononi mwa watu. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa katika jambo hili na Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilishana: mtu alileta bunduki, akapewa jembe, baiskeli au cherehani. Silaha zilikatwakatwa, na baadhi ya vipande walipewa wasanii wa Maputo. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, ajulikanaye kwa jina la Kester, aliunganisha vipande hivyo akatengeneza kiti cha enzi ambacho sasa kiko British Museum. Miguu ni bunduki. Mikono ni bunduki. Sehemu ya kuegemea ina vitako viwili vya bunduki vyenye matundu, na ukivitazama vizuri unaona nyuso mbili, kana kwamba zinatabasamu.

Kitako cha bunduki! Hakuna aliyetushauri tuiite sehemu ile kitako, na hakuna aliyetushauri tuseme kwamba mtu aliyetulia nyumbani kwake amekaa kitako. Lakini maneno hayo yapo, na kiti cha Kester kimekaa juu yake yote mawili. Nimesoma maelezo mengi ya kiti hiki kwa Kiingereza, mazuri na marefu, na hakuna lililosema hilo. Sidai kwamba Kester alifikiri kwa Kiswahili. Nadai kwamba sisi tukifikiri kwa Kiswahili tunaona kitu ambacho kipo kweli katika kazi yake na ambacho wengine hawajakitaja.

Vitenzi vinavyotenduliwa

Naja sasa kwenye neno lililotushinda katika jopo lile. Sanaa hii ya kupanga vitu mahali tuiite nini? Mapendekezo yapo. Wako wanaosema usimikaji, kwa kuwa kusimika ni kukisimamisha kitu kikakaa imara, kama nguzo au mlingoti, na pia ni kumweka mtu rasmi katika cheo, kama chifu au askofu. Wako wanaosema usakinishaji, kwa kufuata watafsiri wa programu za kompyuta, ambao walifufua kitenzi cha zamani cha kusakini, yaani kukaa mahali, kutulia. Ni neno lenye nasaba nzuri, na nasikitika kwamba kompyuta imeliwahi. Mimi mwenyewe niliwahi kuombwa kutafsiri kijitabu cha maonyesho nikaandika ufungaji. Fundi wa mabomba angenielewa.

Badala ya kuchagua haraka, hebu tutazame vitenzi vya fani zenyewe. Mchongaji anachonga. Mfinyanzi anafinyanga. Mchoraji anachora. Vitenzi hivi tunaweza kuvinyambua kwa njia nyingi: chongea, chongesha, chongeka, chongwa. Lakini kuna kauli moja vinavyoikataa, nayo ni kauli ya kutendua. Hakuna kitenzi cha kuondoa uchongaji. Kuchongoa kupo, lakini maana yake ni kutia ncha, si kurudisha. Tezo likishapita, gogo halirudi kuwa gogo, na lugha inajua hivyo.

Tazama sasa vitenzi vya sanaa hii nyingine. Panga, pangua. Tandika, tandua. Kunja, kunjua. Funika, funua. Angika, angua. Tungika, tungua. Fuma, fumua. Vyote vina mwenzake wa kurudisha nyuma. Kazi ya namna hii hupangwa, hukaa miezi mitatu au sita, kisha hupanguliwa, vitu vyake vikatiwa ndani ya masanduku, na ikipangwa tena mji mwingine haitakuwa ile ile kabisa. Tofauti kati ya uchongaji na sanaa ya mpangilio, ambayo vitabu hutumia kurasa nyingi kuieleza, imo katika mnyambuliko wetu: kimoja hakitenduliki, kingine hutenduka. Ndiyo maana mimi huelekea zaidi kwenye neno mpangilio kuliko usimikaji. Kusimika hakuna kutendua kwake. Isitoshe, kitenzi cha kupanga kina maana nyingine ambayo mnaijua vyema nyote mlio mbali na makwenu: mpangaji ni mtu anayekaa katika nyumba isiyo yake kwa muda uliokubaliwa. Kazi hizi katika majumba ya makumbusho ni wapangaji hasa.

Kazi za El Anatsui zinaonyesha jambo hili kuliko zote ninazozifahamu. Alizaliwa Ghana mwaka 1944, na tangu mwaka 1975 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vifuniko vya alumini vya chupa za pombe kali. Alivikaa navyo muda kabla ya kujua vitamfaa nini. Kisha akaanza kuvipondaponda, kuvikunja, kuvitoboa na kuviunganisha kwa waya wa shaba, akisaidiwa na vijana wengi, maelfu kwa maelfu ya vipande, mpaka vikawa kama kitambaa kikubwa cha kufunika ukuta mzima, chenye kung'aa kwa dhahabu, nyekundu na fedha. Vifuniko vilivyofunika chupa sasa vinafunika kuta. Na pombe ile si kitu kilichochaguliwa ovyo, kwani ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoletwa na wafanyabiashara wa Ulaya katika pwani ile, wakati watu walipokuwa wakipakiwa kupelekwa Amerika. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake, na kuanzia Oktoba 2023 hadi mwaka uliofuata alijaza ukumbi mkubwa wa Tate Modern mjini London.

Mabango yale hayana umbo moja. Anatsui hawaambii wanaoyaangika wafuate mchoro. Huwaachia wayakunje, wayalegeze, wayapandishe upande mmoja, kila mara upya. Kwa Kiswahili tunasema yanatungika na kutunguliwa. Na kabla ya kutungika, yalitungwa. Tafadhalini lisikilizeni neno hili. Mvuvi hutunga samaki katika kamba. Msichana hutunga shanga. Malenga hutunga shairi. Kitenzi ni kimoja, na nadhani wanaofundisha ushairi hapa chuoni wamekwisha kuchoka kuwakumbusha wanafunzi kwamba beti ni vitu vilivyotobolewa na kupitishwa uzi. Vijana wa Nsukka waliokaa chini na waya mkononi walikuwa wanatunga kwa maana zote mbili. Ningependa sana tuiite sanaa hiyo mtungo, lakini vijana wetu wa mitaani wamekwisha kulitia neno hilo uchafu ambao wengi wenu mnaujua na ambao sitauzungumzia hapa. Nimeliacha kwa uchungu.

Nitapita haraka kwa Bodys Isek Kingelez, si kwa kuwa ni mdogo, bali kwa kuwa muda ni mdogo. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga nchini Kongo, akafanya kazi Kinshasa, na alifariki mwaka 2015. Kwa karatasi, maboksi na makopo alitengeneza miji mizima ya kuwekwa juu ya meza, yenye maghorofa ya rangi za peremende. Mwaka 1994 alitengeneza mji unaoitwa kwa jina la kijiji chake. Wanafunzi wa mofolojia wanajua kwamba kijiji si kitu kingine ila mji uliotiwa kiambishi cha udogo. Kingelez alikichukua kijiji akakivua udogo wake, huku akikitengeneza kidogo kiasi cha kuingia chumbani. Aliyesema udogishi ni mada kavu aende akaitazame kazi hiyo.

Na Wangechi Mutu wa Nairobi, ambaye mwaka 2019 aliweka wanawake wanne wa shaba nyeusi katika matundu ya ukuta wa mbele wa Metropolitan Museum, New York, yaliyokuwa matupu tangu ukuta huo ulipokamilika mwaka 1902, aliwahi mwaka 2014 kufanya maonyesho London yenye jina la Kiswahili, Nguva na Nyoka. Jina lilibandikwa mlangoni, na wageni wakalisoma. Sisi bado tunajadiliana kama lugha inatosha.

Mkunazini

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni anasa. Kwamba Kiswahili kina kazi kubwa zaidi mahakamani, maabara na hospitalini. Nakubali kwamba kina kazi huko. Lakini siyaoni makumbusho ya nchi za mbali ninapowaza jambo hili. Ninaona shimo lililoko Mkunazini, Unguja, kando ya Kanisa Kuu la Kianglikana, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Ndani ya shimo hilo zimo sanamu tano za saruji zilizotengenezwa mwaka 1998 na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Zimefungwa mnyororo shingoni. Mtazamaji husimama juu, ukingoni, akitazama chini, na hapo ndipo kazi inapofanyika. Si katika saruji tu, bali katika urefu ule kati ya ukingo na vichwa vyao. Ukiziinua sanamu zile na kuziweka juu ya viweko bustanini, utabaki na saruji ile ile, na kazi itakuwa imepanguliwa.

Nimesimama pale mara kadhaa nikiwasikiliza waongozaji. Huanza kwa ngeli ya I-ZI: sanamu hizi zilitengenezwa mwaka fulani, zina mnyororo. Kisha mtu huuliza swali, mara nyingi mtoto wa shule, kwa mfano, kwa nini wako chini? Mtoto hasemi ziko. Na mwongozaji, akijibu, humfuata mtoto: wako chini kwa sababu hapa waliwekwa kabla ya kuuzwa.

Lile pendekezo la mwanafunzi wetu ninalo bado. Nililitafuta wiki iliyopita nilipokuwa nikiandaa mhadhara huu, nikalikuta katika jalada, pamoja na maoni ya jopo. Sura ya kwanza inahusu Mkunazini. Katika ukurasa wa saba aliandika, "Watumwa hawa watano wamesimama chini yetu." Neno watumwa limekatwa kwa wino mwekundu na pembeni pameandikwa sanamu. Hawa limefanywa hizi, watano limefanywa tano, na wamesimama limefanywa zimesimama. Masahihisho manne katika sentensi moja, na chini yake neno Upatanisho, na alama ya mshangao. Mwandiko ni wangu.